Kabla ya kupokea mtarajali: mwajiri maliza haya kwanza

Somo hili ni la wenye kampuni, hoteli, shule na asasi za Tanzania Bara: wale wanaopokea vijana wa fildi kila vyuo vinapofunga, na mwaka mzima wanaletewa barua za wahitimu wanaoomba "kujitolea". Wengi huamini kwamba mtu asiye na mshahara hana sheria. Hapo ndipo kesi zinapoanzia.

Hatua ya 1: Jua umempokea nani

Mwanafunzi wa fildi ana barua ya chuo, ana msimamizi wa chuo, na anachofanya kwako kinaingia kwenye masomo yake. Mhitimu hana chuo nyuma yake. Kwa huyo serikali ilitoa mwongozo wa utarajali (mafunzo ya kazini kwa wahitimu) mwaka 2017, unaotaka mafunzo ya miezi 6 hadi 12 yenye mpango na msimamizi. Wa tatu ni mgeni asiye raia, awe mwanafunzi au mhitimu, naye nimemwekea hatua yake chini.

Angalia umri pia, hasa kwa wanaotoka vyuo vya ufundi. Chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa kabisa, na chini ya 18 hagusi kazi ya hatari.

Hatua ya 2: Pima kazi anayofanya

Soma kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004. Kinasema anayemfanyia mtu kazi atachukuliwa kuwa ni mwajiriwa, bila kujali mkataba umeandikwaje, mpaka ithibitishwe vinginevyo, iwapo kuna hata kigezo kimoja kati ya vilivyotajwa. Vigezo vyenyewe: unamwelekeza namna ya kufanya kazi, unampangia saa, ni sehemu ya taasisi yako, amekufanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita, anakutegemea wewe kiuchumi, unampa vitendea kazi, au anakufanyia kazi wewe peke yako.

Rudia hicho cha saa. Ni 45 kwa mwezi, si kwa wiki, yaani kama saa mbili tu kwa siku ya kazi. Kijana anayefungua ofisi saa mbili asubuhi na kuondoka jioni ameshavuka siku nyingi.

Kwa hiyo ukitaka abaki mwanafunzi, mfanye mwanafunzi kweli. Awe na ratiba ya kujifunza na mtu wa kumsimamia, azungushwe idara mbalimbali, asikalie kiti cha mtu aliyeacha kazi. Ninavyoona mimi, swali la kujiuliza ni moja: asipokuja kesho, kuna kazi italala? Kama ipo, unahitaji mwajiriwa, na kuna amri ya kima cha chini cha mshahara ya sekta yako inayokuhusu.

Hatua ya 3: Andika

Karatasi mbili zinatosha: tarehe ya kuanza na kumaliza, atajifunza nini, nani anamsimamia, saa, posho, utunzaji wa siri, na nani atagharamia akiumia. Usiache kwa kuwa "ni mtoto wa rafiki yangu". Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, kifungu cha 15, inasema kwamba mwajiri akishindwa kuonesha maandishi ya masharti ya kazi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha madai unamwangukia yeye.

Hatua ya 4: Posho na makato

Nauli na chakula cha mwanafunzi wa fildi havina utata mkubwa. Ila ukimlipa mhitimu kila mwezi kwa kazi ya kila siku, kuiita posho hakubadilishi kitu: fikiria NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini, asilimia 0.5 ya mshahara kwa sekta binafsi) na kodi ya mapato iwapo anazidi shilingi 270,000 kwa mwezi.

Hatua ya 5: Akiwa mgeni

Milango ni miwili. Kibali cha kazi kinatolewa na Kamishna wa Kazi chini ya sheria ya ajira za wageni ya 2015. Kibali cha ukaazi kinatolewa na Uhamiaji. Kimoja hakizibi nafasi ya kingine. Na kibali cha kazi kimefungwa kwa mwajiri na nafasi: aliyekuja kwa shirika la Moshi huwezi kumwazima akusaidie Dodoma. Anza kushughulikia kabla hajakata tiketi.

Maswali ya wanachama

*Arusha: Kuna binti wa Ujerumani anataka kuja kwenye kituo chetu cha watoto miezi mitatu. Hatumlipi hata senti. Si anaweza kutumia visa ya utalii?*

Hapana. Visa ya utalii ni ya kutalii. Kama kutolipwa kungekuwa kinga, vibali vya kazi visingekuwa na daraja D, ambalo ni la shughuli za dini na hisani zilizosajiliwa. Na akikamatwa, utakayeulizwa wa kwanza ni wewe uliyempa kazi.

*Dar es Salaam: Nina mwanafunzi kutoka Burundi anayesoma hapa. Ana kibali cha ukaazi cha mwanafunzi. Fildi je?*

Kibali chake kinaonesha amekuja kusoma. Mwambie chuo kiandike barua kwamba fildi ni sehemu ya kozi, kisha uulize Uhamiaji na ofisi ya kazi kwa maandishi kabla hajaanza. Jibu la mdomo la dirishani halitakusaidia wakija kukagua.

*Unguja: Na sisi huku ni hivyo hivyo?*

Nusu. Uhamiaji ni suala la Muungano, kazi si la Muungano. Zanzibar ina Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005, kwa hiyo vifungu nilivyotaja vya Bara usivibebe kama vilivyo. Nenda kamisheni ya kazi ya huko.

*Mwanza: Mimi niko upande wa pili. Nimejitolea mwaka na nusu, juzi nimeambiwa nisije tena. Nina haki?*

Kifungu cha 61 ndicho cha kwako. Kusanya ratiba, barua pepe, kitambulisho cha kazi, meseji za bosi. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30. Madai mengine ni siku 60. Umesema juzi, basi nenda wiki hii ukajaze fomu namba 1.

*Mwanza tena: Barua yangu ilisema "si ajira".*

Tume itaisoma, halafu itauliza ulikuwa unafanya nini kila siku.