Jinsi ya kusoma madhabahu ya askari wa Kirumi (anzia chini)

Ukikutana na jiwe la madhabahu ya Kirumi, iwe makumbusho au kwenye picha, usianze juu kama unasoma gazeti. Shuka mpaka mstari wa mwisho utafute herufi V S L M. Ukiziona tu umeshajua kisa chote, huyu askari aliweka nadhiri, alimwambia mungu wake nifanyie jambo langu nami nitakusimamishia jiwe, akafanyiwa, sasa anaondoa nadhiri. Kirefu chake kwa Kilatini ni votum solvit libens merito, yaani ametimiza nadhiri kwa moyo mkunjufu na mungu kastahili. Kwahiyo jiwe lilikuja baada ya dua kujibiwa, na hapo ndo wengi wanapokosea, wanadhani jamaa bado anaomba.

Haya panda juu sasa. Mstari wa kwanza ni wa mungu. I O M ni Jupiter, mkubwa wao, na ya kwake mara nyingi yaliwekwa kwa niaba ya kikosi kizima, kama kule Maryport, Uingereza, mwaka 1870 yalifukuliwa madhabahu 17 sehemu moja! DEO ni mungu wa kiume, DEAE wa kike. Katikati ni jina la mtu na cheo, COH ni kikosi, PRAEF au PREF ndo mkuu wake. V isikuchanganye, ni U yao pia.

Jaribu hili la Carrawburgh, kwenye Ukuta wa Hadrian, ule ukuta wa mpakani wa Warumi kaskazini mwa Uingereza, siku hizi liko makumbusho Newcastle:

DEO INVICTO MITRAE M SIMPLICIVS SIMPLEX PREF V S L M

Kwa Mithras, mungu asiyeshindwa, Marcus Simplicius Simplex mkuu wa kikosi ametimiza nadhiri. Juu ya maandishi kachongwa Mithras mwenyewe, na miale ya kichwani imetobolewa mpaka nyuma ili taa ikiwashwa kule nyuma ya jiwe mwanga upenye, hebu fikiria uko ndani ya hekalu lenye giza halafu kichwa cha mungu wako kinawaka. Mimi hapo huwa nasimama muda mrefu kweli.

Ukimaliza maandishi angalia kileleni, kuna kishimo kama kisahani, humo ndo walimwagia divai na kuchoma sadaka. Halafu zunguka ubavuni, mara nyingi utakuta jagi, bakuli la kumiminia, kisu na shoka la kuchinjia, vyombo vyote vya ibada vimechongwa palepale.