Jikoni hodari, mezani goigoi: namna ya kula Kivietinamu bila kununa

Juzi nilikaa na shemeji yangu kwenye mgahawa wa Kivietinamu wa kisasa, ile ya jiko la wazi na visahani vidogo vya kugawana. Phở yangu, yaani supu ya tambi, ilifika ikifuka mvuke. Sahani ya majani yake, yaani mrehani, choroko zilizochipua, ndimu na pilipili, ikaja dakika 12 baadaye. Bakuli lilikuwa limepoa, tambi zimevimba na kunywa nusu ya supu. Mpishi hakukosea chochote. Waliolegea ni wahudumu wa mezani. Ukijikuta mahali pa namna hiyo, usiondoke. Iendeshe meza mwenyewe.

Ila kwanza tofautisha uzembe na desturi. Wavietinamu nyumbani huweka vyakula vyote katikati, kila mtu na bakuli lake la wali, wala hakuna cha kutangulia. Migahawa mingi ya aina hii nayo hutoa kila sahani pale inapoiva. Kwa hiyo mwenzako akiletewa nyama kabla yako, chota naye. Kukaa na menyu mkononi robo saa bila kutupiwa jicho, huo ndio uzembe.

Usiagize vyote kwa mkupuo. Mhudumu aliyezidiwa ukimtajia sahani sita, ama zitatua zote pamoja, ama mbili zitasahaulika. Mimi huanza na gỏi cuốn: kamba, nyama ya nguruwe, tambi na majani, vimeviringishwa kwenye utando mwembamba wa unga wa mchele. Huliwa bila kupashwa moto, kwa hiyo zikichelewa kidogo hakuna hasara. Oda hiyo ndiyo mtihani wangu. Mchuzi wa kuchovea ukija nazo bila kuuomba, natulia. Usipokuja, najua jioni yangu itakuwaje.

Bánh xèo iagize pale tu unapomwona mhudumu ana nafasi. Ni chapati nyembamba ya unga wa mchele, manjano na tui la nazi, na jina lake linaiga mlio wa uji huo ukimwagwa kwenye kikaango cha moto. Ikikaa kaunta dakika chache inanywea, na utamu wake wote ni ule ukavu wa pembeni unaovunjika kwa sauti. Imege, ifunge kwenye jani la saladi pamoja na nanaa, chovya kwenye nước chấm. Mchuzi huo ni maji ya dagaa waliovundikwa kwa chumvi, yakachanganywa na ndimu, sukari, kitunguu saumu na pilipili. Ukiuonja ukakuta sukari tupu, omba ndimu, si ufidhuli.

Kwa phở, sema mapema: "Dada, naomba majani yatangulie bakuli." Likifika, onja supu kabla ya kutia kitu. Mifupa imechemka kwa saa nyingi na tangawizi na vitunguu vilivyobabuliwa motoni, mdalasini na karafuu. Kuizamisha kwenye pilipili kabla ya kuijua ni kumdhulumu mpishi. Uliza pia ni ya mtindo gani. Ya Hanoi haina mapambo mengi, rundo la majani ni la kusini. Niliwahi kugombea majani ambayo hayakuwa sehemu ya chakula chenyewe, nikaona aibu.

Ikipoa kwa kosa lao, usiandamane. Omba waongeze supu ya moto, maana sufuria ile iko motoni muda wote. Lakini omba ukiwa umekula vijiko vitatu, si bakuli likiwa tupu. Na unaposubiri, vijiti vya kulia usivisimike wima kwenye wali. Vinafanana na udi unaochomwa kwa ajili ya wafu.

Kahawa iagize ungali unakula. Ile ya phin, kichujio kidogo kinachokaa juu ya glasi, hudondoka tone kwa tone juu ya maziwa mazito ya kopo, haiharakishwi. Omba na bili papo hapo, maana bili ndiyo hukawia kuliko vyote.

Kisha isome mstari kwa mstari. Yetu ya juzi ilikuwa na bánh xèo mbili. Tulikula moja, na hiyo moja shemeji aliifuata mwenyewe kaunta.