Filamu ya vita, isikilize kwanza

Wenzangu mliokulia kwenye vibanda vya video vya Kampala: filamu nzuri ya vita msianze kuionea kibandani. Vijei, yule anayetutafsiria filamu kwa kuisimulia juu ya sauti yake, ana utamu wake, simkatai, na kwenye filamu za ngumi hana mpinzani. Shida yake moja, hawezi kuvumilia kimya. Na filamu za vita zilizo bora uhondo wake uko humo humo kwenye kimya.

Chukua Das Boot ya mwaka 1981, ya Wajerumani ndani ya nyambizi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Meli ya adui inapita juu yao. Mabaharia wamekodolea macho dari, jasho linawatiririka, hakuna anayethubutu kukohoa. Nyambizi inazidi kushuka, chuma kinalia kama mlango mkuukuu, mara bolti moja inachomoka kwa kishindo cha risasi. Mimi niliikuta imetafsiriwa na vijei, na hapo hapo jamaa akatuchomekea utani wa bei ya matooke! Tulicheka sana, ila kile kishindo hatukukisikia.

Kwa hiyo weka lugha yake ya asili, maandishi chini, vaa hedifoni, zima taa (umeme ukikatika wenyewe, afadhali). Ukitoka hapo jaribu Saving Private Ryan ya 1998: pale ufukweni Omaha, Ufaransa, kapteni masikio yanaziba, watu wanaanguka na sauti imekwenda. Ukishamaliza, rudi kwa vijei uione tena na wenzako.