Shairi la bahari: anza na upepo, fumbo litafuata

Wanafunzi wangu wa tuisheni hapa Ngamiani, Tanga, wakipewa shairi lenye bahari ndani yake, mkono hukimbilia kuandika "bahari inawakilisha dunia" kabla jicho halijafika ubeti wa pili. Hayo ni ya kwenye notisi za fotokopi. Pengine ni kweli, lakini ukiulizwa umejuaje, unabaki unatazama dari. Mimi nawaambia bahari iwe bahari kwanza, yenye chumvi, upepo na majira yake. Fumbo lolote litakalokuja litoke humo.

Tuchukue ubeti mmoja. Nimeutunga mwenyewe kwa kufuata kanuni za kimapokeo, makusudi, ili asiwepo wa kuutafutia majibu kwenye notisi:

*Kusi imeshaingia, yapiga mawimbi pwani,*
*Mashua zimesalia, zafungwa mikandaani,*
*Mvuvi achungulia, moyo wake baharini,*
*Bahari ikitulia, sitalala humu ndani.*

Usome kwa sauti, mara mbili. Kisha hesabu mizani, yaani silabi, uimalize kazi hiyo upesi: kila mshororo una 16, nane ukwapi (kipande cha kwanza) na nane utao (kipande cha pili). "M" ya mvuvi inahesabiwa silabi peke yake, ila "mbi" ya mawimbi ni silabi moja. Vina vya kati ni -lia katika mishororo mitatu, na wa kwanza una -ngia, kwa hiyo kinachofanana kote ni -ia. Vya mwisho ni -ni. Hizo ni alama za bure, zichukue uende zako. Watu wanatumia nusu saa nzima hapa wakati shairi lenyewe hawajaligusa.

Sasa simama kwenye neno la kwanza kabisa. Kusi ni upepo unaotoka kusini mashariki, unashika takriban kuanzia Aprili hadi Septemba. Kaskazi ndiyo inayotoka kaskazini mashariki, kuanzia Desemba hivi hadi Machi. Kati ya pepo hizo mbili bahari hupoa, ndiyo malelezi. Mtoto wa Mnyanjani au Sahare haya anayajua bila kufundishwa. Aliyekuja kutoka Lushoto namtuma Deep Sea, pale soko la samaki, akamuulize mzee yeyote anayeshona nyavu: mwezi wa saba nani anatoka na nani anabaki? Atajibiwa vizuri kuliko nitakavyomjibu mimi, na huenda akatumwa maji ya kunywa pia.

Ukishajua kusi ni nini, umeshajua mambo mawili ambayo shairi halikuyasema. Kwanza, hali hii itadumu miezi, si siku moja. Pili, itakwisha. Hakuna anayeifukuza kusi, na hakuna anayeizuia isiondoke.

Twende mshororo wa pili. Wengi wanaupita mbio kwa sababu wanaona ni mashua tu. Kwa nini zimefungwa mikandaani? Mikandaa ni miti ya maji chumvi, huota kwenye vihori, yaani vighuba, mahali mawimbi makubwa hayafiki. Kwa hiyo mashua hazikuvunjika wala hazikuzama, ni nzima, zimehifadhiwa. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniandikia kwamba ubeti huu unaonyesha "maangamizi". Maangamizi yako wapi, mwanangu? Ni subira hiyo.

Kisha tazama nani anasema. Mshororo wa tatu unamtaja mvuvi kwa mbali, "moyo wake". Wa nne, ghafla, "sitalala". Tumeingizwa ndani ya kichwa chake bila hodi. Nafsi ikibadilika hivyo weka alama kwa penseli, maana mara nyingi hapo ndipo mshairi alipoficha mzigo wake.

Sasa ndiyo uulize fumbo. Ni nani mwingine anayezuiwa na majira, na wala si uvivu? Mkulima anayengoja mvua, kijana asiye na ajira, mgonjwa anayengoja nafuu. Chagua mmoja kisha mpitishe mishororo yote minne uone kama anaenea. Ukisema kusi ni mtawala dhalimu, mshororo wa nne utakukwamisha, kwa kuwa mvuvi hapigani na mtu, anangoja tu bahari itulie. Maana inayokwama mahali iache, hata kama inapendeza.

Njia hiyo hiyo inafaa kwa tungo za zamani. Katika Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, dunia kweli imefananishwa na bahari iliyochafuka, yenye matumbawe, yaani miamba ya baharini. Hapo notisi zimesema kweli, ila hazikukueleza matumbawe yana nini. Maji yakijaa, hayaonekani, na chombo hupasuliwa na kitu ambacho nahodha hakukiona. Ukiandika hilo umeeleza kwa nini mshairi hakutosheka na mawimbi. Lahaja yake ni ya upande wa Lamu, utakutana na mato kwa macho, nti kwa nchi, ndia kwa njia, basi tengeneza orodha yako pembeni ya daftari. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu kabisa na hapa mjini, atakusumbua zaidi kwenye mafunzo yake kuliko kwenye msamiati.

Kwenye mtihani, andika hoja kwa mpangilio huu: kitu chenyewe, tabia yake, maneno ya shairi, halafu maana. Mfano: "Kusi ni upepo mkali wa majira unaopita baada ya miezi kadhaa. Mshairi anaposema 'mashua zimesalia, zafungwa mikandaani', anaonyesha kuwa vyombo vimehifadhiwa, havikuharibika. Hivyo, ubeti unahusu mtu aliyezuiwa na wakati mgumu huku uwezo wake ukiwa bado mzima." Sentensi tatu, hoja imekamilika, nenda ya pili.