Jinsi ya kutengeneza stelingi ya gari la waya inayokata kona kweli

Gari nyingi za waya unazoona watoto wanasukuma mtaani zimepigwa bodi safi kabisa, kabini ipo, karia juu ipo, nyingine mpaka zina sait mira za vipande vya sidii mbovu, ila mtoto akikata kona tu gari inaburuzwa ubavu ubavu kama mbuzi anayegoma kwenda mnadani. Ukiinama kuangalia unakuta shida ni ile ile, fundi kamaliza nguvu zote kwenye bodi afu stelingi kaifunga mwishoni kwa haraka na waya uliobaki. Mi nasema fanya kinyume, anza na stelingi, ikikubali ndo ufikirie bodi, na hata bodi ikiwa boksi la viatu mtoto hatalalamika ilimradi gari inamsikiliza.

Kwanza waya, maana hapa ndo wengi wanapoharibu. Hanga za nguo za waya ni nzuri kwa chesesi, zinakunjika kwa plaizi na zinabaki pale ulipoziacha. Kwa sehemu zinazozunguka tafuta spoku za baiskeli, fundi baiskeli yeyote ana rundo la zilizopinda, spoku ni ngumu na imenyooka na ina unene wa kama milimita 2. Bindingi waya, ile ya kufungia nondo saiti, ni ya kufungia tu, usije ukaifanya ekseli ukasema nimekwambia mimi. Waya wa kwenye tairi iliyochomwa achana nao, unachoma mkono, unakatika ukiukunja mara mbili, na ule moshi wa tairi sio wa kumvutisha mtoto. Ongeza kipande kifupi cha mpira wa mafuta wa pikipiki (nenda kwa fundi wa bodaboda, sm 6 zinatosha), ganda la waya wa umeme wa 4mm, vizibo vya plastiki vya chupa za maji, ndala iliyokufa kwa ajili ya matairi, na fito moja iliyonyooka unene wa kidole inayofika usawa wa kitovu cha mtoto ukiinamisha kidogo.

Sasa kuna stelingi za aina mbili. Ya kwanza ni boriti moja, ekseli yote ya mbele inageuka pamoja na matairi yake ikiwa imeshikwa katikati. Ya pili kila tairi linageuka lenyewe pembeni kama gari ya kweli na katikati kuna tairodi inayoyaunganisha. Anza na ya kwanza hata kama unajiona fundi.

Kwa boriti moja, kunja chesesi ya mstatili, tuseme toka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma ni sm 24. Mbele katikati weka vitanzi viwili, kimoja juu kimoja chini, vimeachana kama sm 3 na vimenyooka wima. Vitanzi viwili, sio kimoja, kikiwa kimoja pini (ile spoku itakayosimama humo) itachezacheza na gari itatembea kama imelewa. Ndani ya vitanzi visha ganda la waya wa umeme ndo iwe bushi, spoku inapita humo bila kelele. Pitisha spoku kutoka juu kwenda chini, ikitokeza chini weka washa uliyoikata kwenye kizibo, afu ikunje kwenda nyuma sm 1 hivi, ndo uikunje tena ilale sambamba na ekseli kwa sm 4 na uifunge na bindingi waya urefu wote huo. Ukifunga sehemu moja tu, pini itakuwa inazunguka na ekseli imelala palepale. Ile sm 1 ya kurudi nyuma usiidharau, ndo inafanya ekseli ifuate pini badala ya kuitangulia, umeshaona vile vitairi vya toroli la supamaketi vinavyogeuka vyenyewe kufuata unakoenda? Ni hiyo hiyo. Mtoto akinyoosha mkono gari inanyooka yenyewe.

Sasa tunafika kwenye kosa kubwa ambalo karibu kila gari ya waya inalo. Watu wanachukua ule mti wa usukani (ndo ile fito) uliolala kuja kwa mtoto na wanaufunga moja kwa moja kwenye ekseli. Inaonekana sawa mpaka ukate kona. Mti umelala, kwahiyo ekseli inazunguka kwa kufuata mti uliolala, na matokeo yake tairi moja linazama chini na lingine linanyanyuka hewani. Mti ukiwa umelala digrii 45 na ukakata kona ya digrii 30, ncha moja ya ekseli inashuka na nyingine inapanda kwa zaidi ya theluthi ya umbali wa kutoka katikati hadi tairi. Yaani kama tairi liko sm 6 kutoka katikati, lile la ndani linashuka sm 2 na la nje linapanda sm 2. Ndo maana gari inalala upande, watu wanasema matairi mabovu kumbe maskini matairi hayana kosa.

Dawa yake pini ibaki wima na mti ulale, na katikati yao uweke kiungo kinachopinda huku kinazungusha, kama krosi jointi ya propela. Hapo ndo mpira wa mafuta wa pikipiki unapoingia. Kunja ncha ya juu ya spoku iwe mbili ili ijae kwenye tundu la mpira, isukumie ndani sm 2, funga kwa nje na bindingi waya mpaka mpira ubonyee. Upande wa pili ingiza mkia wa waya wa hanga ulioufunga vizuri kwenye fito, nao ukunje mara mbili. Acha sm 2 katikati za mpira mtupu ndo zipinde. Ukiacha ndefu sana usukani utakuwa na uvivu, unazungusha, unasubiri, ndo tairi linageuka.

Ila huo mpira hauwezi kusukuma gari, utajikunja tu. Kwahiyo weka kitanzi kikubwa juu ya paa la kabini kilichoshikiliwa na waya mbili zinazoshuka mpaka kwenye chesesi, fito ipite humo, afu juu kidogo ya kitanzi viringisha waya kwenye fito mpaka itoke nundu isiyopita. Mtoto akisukuma, nundu inakalia kitanzi na nguvu inaenda kwenye chesesi, mpira unabaki na kazi moja tu ya kuzungusha. Weka na nundu nyingine chini ya kitanzi ili akivuta kurudi nyuma fito isichomoke. Usukani wenyewe ni duara la waya umefungiwa mpira wa tyubu ya baiskeli, hapo sina la kufundisha.

Malizia na vizuizi. Ning'iniza vipande viwili vya waya kutoka kwenye chesesi ili ekseli isigeuke zaidi ya digrii 35 hivi kila upande. Boriti moja ikigeuka sana gari inakuwa kama imesimama kwa miguu mitatu na inapinduka, na hii ni hivyo hivyo kwa yale magari ya mbao ya beringi ambayo watoto wanakalia na kushuka nayo mlimani wakikanyagia ubao wa mbele kwa miguu. Yale pia ni boriti moja na bolti katikati, na kama unamtengenezea mtu, vizuizi weka kabla ya breki, na yasishuke barabara yenye magari.

Haya, ikishakubali hiyo ndo uje kwenye ya pili, na hapa raha inaanza.

Ubaya wa boriti moja ni kwamba inahitaji nafasi kubwa chini ya gari na inayumbisha. Ni shida ya zamani, magari ya farasi yalikuwa nayo, na fundi wa mabehewa wa Munich anaitwa Georg Lankensperger akaja na njia ya kugeuza kila tairi kwenye kingpini yake (pini ya wima ambayo tairi linageukia), halafu Rudolph Ackermann akamsajilia hati miliki huko Uingereza mwaka 1818, na jina likabaki la Ackermann, aliyepeleka makaratasi. Mpaka leo gari za barabarani zinafuata wazo hilo kwa kiasi kikubwa.

Wazo lenyewe ni hili. Gari ikizunguka, tairi la ndani linachora duara dogo kuliko la nje, kwahiyo inabidi ligeuke zaidi. Chukua gari yetu ya sm 24 na kingpini zimeachana sm 12. Ikizunguka duara ambalo katikati ya ekseli ya nyuma iko sm 40 kutoka kwenye kitovu, tairi la ndani linatakiwa ligeuke digrii 35 na la nje 28 tu. Ukiyafunga yageuke sawasawa moja lazima liburuzike. Uzuri huhitaji hesabu yoyote wakati wa kutengeneza. Chora chesesi kwa chaki sakafuni, weka alama katikati ya ekseli ya nyuma, vuta kamba kutoka alama hiyo mpaka kila kingpini. Mikono ya kugeuzia matairi (vipande vinavyotoka kwenye kingpini kwenda nyuma kushika tairodi) ilale juu ya hizo kamba, basi. Kwa vipimo vyetu mkono wa sm 4 utaingia ndani kama sm 1, kwahiyo tairodi inatoka sm 10 wakati kingpini ziko sm 12. Ukiona tairodi yako ni ndefu kuliko umbali wa kingpini na iko nyuma ya ekseli, ujue umekunja mikono nje, ifumue.

Kila upande unatoka kwenye spoku moja. Boriti ya mbele sasa haigeuki, imefungwa kwenye chesesi na kila ncha yake ina vitanzi viwili juu na chini. Anza na sm 4 za kushika tairi zinazoelekea nje, kunja kwenda juu, pitisha kwenye vitanzi viwili, NDIPO ukunje kwenda nyuma utengeneze mkono na kitanzi kidogo mwishoni. Ukikunja mkono kwanza haitapita, na utaikunjua na spoku itakatika. Na kumbuka kushoto na kulia vinaangaliana kama kiatu cha kushoto na cha kulia, sio nakala. Ukitengeneza viwili vinavyofanana una spea ya upande mmoja na upande mwingine huna kitu.

Usukani unaingiaje hapa? Pini ya katikati inabaki wima vile vile kwenye boriti, na mpira wake na fito yake, ila chini badala ya kufungwa kwenye ekseli inakunjwa iwe kikono kinachoelekea nyuma, ncha yake inaingia kwenye kitanzi kirefu kilicho katikati ya tairodi. Kirefu kwenda mbele na nyuma, maana kikono kikizunguka ncha yake inasogea mbele kidogo, na kitanzi kikibana usukani unakwama katikati ya kona. Kikono kikiwa sm 4 kama mikono ya matairi, unachozungusha ndo unachopata. Kikiwa sm 3 usukani unakuwa mlaini na mtoto mdogo haruki ruki barabarani, mi napenda 3.

Kikono LAZIMA kielekee upande ule ule wa mikono ya matairi. Mikono nyuma, kikono nyuma. Mi mara ya kwanza nilikielekeza mbele kwa sababu nafasi ilikuwepo mbele, nikamaliza usiku, nikapaka na rangi, asubuhi mwanangu anakata kushoto gari inaenda kulia. Akaniambia baba hii gari ni ya kichaa. Akaizoea kwa siku tatu akagoma nisiirekebishe, afu wenzake wakiomba kuendesha wanagonga ukuta anacheka mpaka analala chini.

Kupima ni rahisi. Lowesha matairi ya mbele, isukume kwenye sakafu ya simenti uizunguke ndoo. Alama za maji zikiwa nyembamba na safi, stelingi iko sawa. Zikiwa zimepakazwa pana, kuna tairi linaburuzwa, rudi kwenye kamba zako uangalie mikono. Halafu isukume moja kwa moja usukani ukiwa umenyooka uangalie matairi kwa juu. Tairodi ikiwa ndefu kidogo, pua za matairi zinaelekea ndani, ikiwa fupi zinaelekea nje, na kukata waya mpya kila mara ni kujitesa. Kunja tairodi kwenye sehemu moja iwe na kona ya herufi V, ukitaka fupi unaibana V kwa plaizi, ukitaka ndefu unaifungua, nusu milimita kwa nusu milimita mpaka matairi yanyooke.

Baada ya wiki vitanzi vitalegea, vibane kwa plaizi. Usipake mafuta ya kupikia kwenye pini, yanashika mchanga na mchanga unakula bushi, sugulia mshumaa.