Kipindupindu kikiingia mtaani, nyumba ya wapangaji iendeshe hivi

Mimi ni mama lishe wa Tandale, Kinondoni, Dar es Salaam. Nyumba yetu ina vyumba nane, choo kimoja cha shimo na kisima uani. Kipindupindu kilipoibuka Kinondoni Agosti 2015, mjumbe aliniachia nyumba nzima: "Mama Rehema, hawa wanakusikiliza wewe." Kilikuja kuenea mikoani, wagonjwa wakapita 20,000 nchi nzima.

Jua kwanza kwamba utahangaika na waoga na wabishi, na wengi ni walewale, wiki tofauti. Wiki ya kwanza, jirani alipobebwa, binti wa chumba cha tatu alifunga virago aende kwao Kilosa. Kaka wa chumba cha sita alianza kunywa gongo asubuhi, eti inaua vijidudu. Wiki ya tatu haohao wananiuliza, "Mbona hatujafa?" Kampeni za uchaguzi zimepamba moto, gari la matangazo ya afya likipita hakuna hata anayepunguza redio.

Kwa hiyo changisha mapema, hofu ikiwa bado mbichi. Mimi nilipita mlango kwa mlango siku ya pili. Tukapata ndoo ya koki, vidonge vya klorini na sabuni, tukafunga kibuyu chirizi cha kunawia mikono kando ya choo. Ningengoja wiki ya tatu nisingepata hata mia mbili. Zamu za kujaza maji niliziandika kwa jina na siku, nikabandika mlangoni. Mtu akishaacha kuogopa, atajaza ndoo kwa sababu jina lake linasomeka pale.

Anayetaka kukimbia usimcheke. Mweleze kwamba dalili huweza kutokea saa chache tu, au hata siku tano, baada ya kumeza vimelea. Atazidiwa ndani ya basi, au ataupeleka ugonjwa kwa bibi yake. Yule binti alifungua begi.

Maji ya kisima yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi, kwa kuwa tope hupunguza nguvu ya dawa. Kidonge nilichotumia kilikuwa cha lita 20. Cha kwako soma pakiti, havilingani. Tia, koroga, funika, subiri nusu saa. Asiyependa harufu ya dawa achemshe mpaka yatokote. Ya bomba yaliyolala kwenye dumu nayo yatibu.

Hapa nijiseme mwenyewe. Wiki ya nne wateja walikuwa wamerudi, foleni ndefu, nikajikuta nasuuza nyanya za kachumbari kwa maji ya kisima. Yaani mimi, niliyebandika zamu! Sinia zima nililimwaga. Tangu hapo dumu la kisima halikai jikoni kwangu. Likiwepo karibu, mkono utalifuata tu.

Mtu akianza kuharisha, usitangaze jina la ugonjwa uani. Ukimwaibisha wa kwanza, wa pili atajifungia ndani. Mimi nilisema "fulani tumbo linamsumbua", basi. Ila angalia choo chake: kikiwa kama maji ya kwanza ya kuoshea mchele, tafuta bajaji ya kumpeleka hospitali sasa hivi, hata saa nane usiku. Kipindupindu kikali huua ndani ya saa chache kwa kumkausha mtu maji.

Bajaji ikitafutwa, anza kumnywesha ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini. Kama hamna, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Chumvi usiikadirie kwa mkono kama ya mchuzi, ikizidi inamdhuru. Akitapika, subiri dakika kumi, endelea kidogokidogo. Mtoto aendelee kunyonya. Aliyemsafisha anawe kwa sabuni kabla hajashika kitu kingine.

Na mvua zikianza, kaa macho na kutapisha vyoo. Mwenye nyumba mmoja jirani yetu alitoboa shimo lake usiku wa mvua, yote yakapita uani kwetu kuelekea kisimani. Tulikwenda kwa mjumbe wapangaji kumi na moja kwa pamoja, siyo mmoja mmoja, ndipo akalipia gari la majitaka.

Ile ndoo bado iko mlangoni. Koki ilivunjika, nikanunua nyingine. Zamu ya leo ni ya chumba cha sita.