Somo: Ubao ulionyooka wa kuundia mabawa ya ndege za modeli

Bawa la balsa hufuata umbo la kile lililoundwa juu yake. Mbavu, mhimili (ufito mrefu unaobeba bawa) na kingo ni mbao nyepesi zinazonyumbulika. Ukizibana kwa pini zinalala kama ubao ulivyolala, na gundi ikishakauka hazirudi tena. Ndiyo maana utakuta ndege imekatwa vizuri, mizani yake sawa, servo zake (mota ndogo zinazosogeza usukani) nzima, lakini kila ukiachia rimoti inalalia upande mmoja. Kosa liliingia mezani, kabla ya mota kufungwa.

Kasoro za ubao hazilingani kwa madhara. Ubao uliopinda kama upinde kwa urefu wake hubadilisha kidogo tu mwinuko wa mabawa, na hubadilisha kulia na kushoto kwa kiasi kimoja, kwa hiyo ndege haijali. Adui ni msokoto: kona tatu zimekaa, ya nne imeinuka. Bawa la kulia lililoundwa juu ya ubao uliosokoteka litainua ukingo wa mbele kuelekea nchani, na la kushoto, juu ya ubao uleule, litauinamisha. Hata ukiugeuza ubao kichwa kuwa mkia haisaidii, kwa sababu msokoto ni uleule ukitazamwa kutoka upande wowote. Chukua ubao wa mm 1200 kwa 400 wenye kona moja iliyoinuka mm 4. Nusu bawa la mm 600 litatoka na msokoto wa karibu nyuzi 0.3, nusu ya pili nyuzi 0.3 kwa upande wa kinyume. Tofauti ya ncha na ncha ni karibu nyuzi 0.6. Utairekebisha kwa eleroni (vibao vya ukingo wa nyuma wa bawa vinavyoilaza ndege), sawa, lakini ile ncha iliyoinua pua ndiyo itakayopoteza mnyanyuko kwanza ukipunguza mwendo wa kutua, na bawa litaanguka ghafla ukiwa mita mbili juu ya majani.

Kwa hiyo tunatengeneza boksi: nyuso mbili nyembamba, katikati mataruma kama ya mashua. MDF (ubao wa nyuzinyuzi za mbao zilizogandamizwa) moja nene ya mm 25 yenye ukubwa huo ina uzito wa karibu kilo 9 na bado husokoteka ukiilaza kwenye meza mbovu. Boksi hili lina karibu kilo 12, na likishakauka huwezi kulisokota kwa mikono.

Vifaa

Nusu shiti ya MDF ya mm 12, yaani kipande cha 1220 kwa 1220, inatosha boksi lote kama fundi akikata kwa mpangilio huu: vipande viwili vya 400 kwa 1200 (uso na kitako), kisha fito saba za upana wa mm 55 na urefu wa 1220. Msumeno ukila mm 3 kila njia, utabakiwa na ukanda wa mm 8 hivi, basi usimwache abahatishe. Fito nne kata ziwe mm 1200: hizo ni mataruma marefu. Tatu zilizobaki zikatwe vipande 21 vya mm 117: hayo ni mataruma mafupi.

Ongeza gundi nyeupe ya mbao nusu lita, sila au vanishi nusu lita, sofbodi ya mm 12 (ile ya mbao za matangazo, inayokubali pini) ya 400 kwa 1200, nailoni nzito isiyo na rangi, uzi mwembamba wa kushonea, na karatasi za kawaida za A4. Karatasi ya gramu 80 ina unene wa karibu mm 0.1, nayo ndiyo kipimo chetu katika kazi yote. Utahitaji pia paipu tatu za mstatili za alumini, 50 kwa 25, urefu wa mita 1.3, na fito mbili zilizonyooka za mm 800. Paipu haziliwi na kazi. Fundi wa madirisha anaweza kukuazima kwa siku mbili. Zichague dukani kwa kuzichungulia kwa jicho moja toka ncha hadi ncha.

Hatua ya 1: hakiki fito

Zisimamishe fito zote saba pamoja juu ya kioo cha dirisha, kwa ukingo, kisha pitisha ukucha juu yake kwa kukingama. Ukucha ukikwama, fito hizo hazilingani. Kama zote ni 54.5 hakuna tatizo lolote. Kama moja ni 55 na nyingine 55.5, uso utavimba pale ilipo ndefu. Mwombe fundi akate fito zote bila kugusa kizuizi cha msumeno kati ya moja na nyingine. Kisha toboa tundu la mm 10 katikati ya kila taruma fupi, na kwenye mataruma marefu mawili ya ndani toboa moja katika kila chumba, ili hewa ya ndani ya boksi iwe moja.

Hatua ya 2: reli

Hapa usiwe na haraka. Boksi hubaki na umbo lile lililokuwa nalo gundi ilipokauka, kwa hiyo unyoofu wote wa kazi hii unatoka kwenye reli, yaani zile paipu tatu.

Laza paipu tatu kwa urefu juu ya meza au sakafu, moja chini ya kila ukingo wa ubao na moja katikati. Weka fito mbili za mm 800 zikiwa zimekingama juu ya reli mbili za nje, moja kila mwisho. Piga magoti hadi jicho liwe usawa wa fito ya karibu, funga jicho jingine, tazama ukingo wa juu wa fito ya mbali. Kingo zikienda sambamba, hakuna msokoto. Fito ya mbali ikionekana imeinuka kulia na kuzama kushoto, ingiza kabari za karatasi chini ya reli iliyo chini, mojamoja, mpaka kingo zilingane. Fito zina urefu mara mbili ya upana wa ubao, kwa hiyo kosa la mm 1 kwenye ubao utaliona kama mm 2. Kisha vuta uzi juu ya kila reli ya nje, toka ncha hadi ncha, uone kama katikati imezama. Reli ya kati inyanyue mpaka iguse rula ya chuma iliyolazwa juu ya zile mbili. Zigandishe zote kwa putty zisihame, kisha chungulia tena kwa fito, maana wakati wa kugandisha ndipo huhama.

Hatua ya 3: kugundisha

Tandika nailoni juu ya reli, laza uso ukiangalia chini. Panga mataruma makavu kwanza: marefu mawili kingoni na mawili ndani, nafasi za mm 117, mafupi katika safu saba, mbili za mwisho na tano za kati, nafasi za mm 186. Chora penseli pande zote mbili za kila taruma, toa, paka gundi, rudisha. Weka mizigo, subiri saa nne. Usiinue chochote. Boksi lenye uso mmoja bado ni legevu, na ukiliinua sasa kazi ya reli imepotea.

Kisha paka gundi kingo za juu za mataruma na ulaze kitako. Kwenye joto letu gundi nyeupe huanza kushika ndani ya dakika kumi, kwa hiyo chupa iwe imefunguliwa na brashi iwe mkononi. Mizigo ya kilo 60 au zaidi, iliyotawanywa: ndoo za rangi, matofali, mfuko wa saruji juu ya ubao mwingine. Saa 24.

Usitumie skrubu. Skrubu ikiingia kwenye ukingo wa MDF huupasua, na uso huinuka kidogo kuizunguka. Kidonda hicho utakikuta chini ya bawa.

Hatua ya 4: kuziba na kusimamisha

Paka sila mikono miwili pande zote, na mikono minne kwenye kingo, kwa kuwa ukingo wa MDF hunywa kama sponji. Juu na chini zipate idadi ileile. Upande mmoja ukiachwa mkavu, utavuta unyevu peke yake na ubao utajikunja.

Chini weka miguu mitatu, si minne: miwili kuelekea mwisho mmoja wa ubao, mmoja katikati kuelekea mwisho wa pili, yote mm 264 kutoka mwisho wake. Miguu mitatu haiyumbi juu ya meza yoyote wala haiwezi kulisokota boksi. Mwisho gandisha sofbodi juu kwa gundi ya ngozi iliyopakwa nyembamba.

Hatua ya 5: kipimo cha nyuzi

Vuta uzi toka kona hadi kona, na mwingine ukikatiza, ukiviegemeza vyote juu ya vipande vya mbao vyenye unene mmoja. Katikati nyuzi zigusane bila kusukumana. Zikiachana, pima pengo: pengo la mm 1 maana yake kona moja imetoka nje ya usawa kwa mm 2. Zikisukumana, badilisha uzi wa juu uwe wa chini, kisha pima. Pengo la robo milimita linakubalika. Likizidi nusu milimita, piga msasa uliogandishwa kwenye ubao mrefu juu ya kona zilizoinuka mpaka lirudi.

Kwa kunyooka, simamisha rula ya mita moja kwa ukingo na ujaribu kupitisha karatasi chini yake. Karatasi tatu zikipita pamoja kwa upana wa ubao, hapo pana shimo la kushughulikia. Kwa urefu, tano ni kawaida.

Kabla ya bawa la kwanza

Ramani ya karatasi (mchoro wa bawa unaoundia juu yake) hutanuka kwa unyevu, basi ibandike siku unayoanza, ukianzia katikati kwenda nje. Juu yake nailoni, ivutwe hadi isiwe na mkunjo. Pini zisichome mhimili; zisimamishe mbili zikiwa zimekatizana, moja kila upande wa ufito, ziubane. Balsa ngumu na mbao za mhimili hupasuka kwa tundu moja tu.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, kwa nini nisinunue tu kioo cha mm 10? Kioo si ndicho kinyoofu kuliko vyote?

Jibu: Kioo cha leo humiminwa juu ya bati lililoyeyuka, kwa hiyo uso wake ni laini na unyoofu kweli. Lakini nacho hulala kama meza ilivyolala. Kioo cha mita 1.2 juu ya meza iliyosokoteka kitasokoteka nayo, bila kuvunjika, wala hutaona. Kiweke juu ya boksi hili badala ya sofbodi ukipenda, kisha bana kwa mizigo midogo, kwa sababu pini hazitaingia. Kwa supagluu ni kizuri sana: unakwangua kwa wembe.

Swali: Nina mlango wa flashi uliobaki baada ya ujenzi. Unafaa?

Jibu: Ukague kwa fito mbili kwanza. Milango mingi iliyoegemezwa ukutani muda mrefu imekwisha kusokoteka. Ukiupata ulionyooka, uzibe pande zote, uweke miguu mitatu, utumie.

Swali: Shikamoo fundi. Niko Mombasa, karibu kabisa na bahari. Ubao wangu wa MDF ulikuwa sawa Januari, masika umeinuka kingo.

Jibu: Marahaba. Kingo hazikuzibwa, au zilizibwa juu tu. Ukishavimba, MDF hairudi unene wake hata ukikauka. Kata mm 10 kila ukingo kama upana unaruhusu, au upige msasa, kisha upake sila mikono minne. Usiuhifadhi umeegemea ukuta. Ulaze juu ya miguu yake mitatu, hewa ipite chini.

Swali: Je, sumaku badala ya pini?

Jibu: Inawezekana. Gandisha bati la chuma la mm 1 juu ya boksi, ukiliviringishia gundi sawasawa lisiwe na mapovu. Jaribu sumaku dukani kabla ya kulipa, kwani alumini haivutwi na aina nyingi za chuma kisichoshika kutu hazivutwi pia. Sumaku hufaa kwa viwiliwili vya pembe mraba. Kwa kingo nyembamba za bawa pini bado ni bora.

Swali: Ubao wangu nimeupima kwa nyuzi, hauna msokoto. Bado bawa limetoka limesokoteka. Nimekosea wapi?

Jibu: Mara nyingi ni pale ulipolitoa ubaoni kabla ya kubandika bamba la balsa la juu. Mbavu na mhimili peke yake ni kama boksi lenye uso mmoja, hulegea. Bandika bamba bawa likiwa bado limebanwa, liache usiku kucha. Gundi ya maji ikipakwa kwa wingi upande mmoja nayo huvuta balsa inapokauka, kwa hiyo paka kidogo. Kwa bawa hilo ulilonalo, kama limefunikwa kwa plastiki ya pasi, msaidizi alisokote kinyume kupita kiasi kidogo huku wewe ukipitisha pasi juu na chini. Shikeni mpaka lipoe, kisha lilazeni ubaoni mpime ncha.

Swali: Bawa langu lina tumbo la mviringo chini, halilali. Nifanyeje?

Jibu: Kata kila ubavu ukiwa na miguu miwili midogo chini, mmoja mbele mmoja nyuma, ncha zote zikiishia kwenye mstari mmoja ulionyooka. Bawa litasimama juu ya miguu hiyo. Uikate baada ya upande wa juu kubandikwa na kukauka.